USIANDIKE "MVUA" TU



Katika madaftari ambayo viongozi wa matawi hutuletea kutoka mashambani na kwenye mabanda ya samaki, neno moja limejaa kila ukurasa: mvua. "Tarehe 14, mvua. Tarehe 15, mvua." Mahali pengine wameandika "hali mbaya" na kufunga daftari. Ukimwuliza aliyeandika kama ilikuwa mvua ya namna gani, ilianza saa ngapi, ngurumo ilisikika au haikusikika, hakumbuki. Kapita naye ana maneno yake. Hapo ndipo mfanyakazi anapopoteza mshahara wa siku nzima. Vibaya zaidi, hapo ndipo anapoambiwa aendelee kuchuma wakati radi iko juu ya kichwa chake, kwa sababu "jana pia ilinyesha na mlifanya kazi".

Wenzetu wa vituo vya hali ya hewa hawaandiki hivyo. Idara ya Hali ya Hewa ya Zambia ina vituo hata huku kwetu Luapula, Mansa na Kawambwa, na mtazamaji wa pale hufuata kanuni zilezile zinazofuatwa Nairobi au Dar es Salaam. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, lililoundwa mwaka 1950, lina orodha ya namba 100, kuanzia 00 hadi 99, za kueleza hali iliyopo wakati mtu anapotazama. Moshi una namba yake, 04. Utusitusi mkavu una yake, 05. Ukungu mwepesi ni 10. Umeme unaoonekana lakini ngurumo yake haisikiki ni 13. Mvua inayoning'inia kwenye wingu bila kufika chini ni 14. Namba za arobaini ni za ukungu mzito, za hamsini ni manyunyu, za sitini ni mvua ya kutulia, za themanini ni mvua za ghafla, za tisini ni mvua zenye radi. Namba za sabini ni za theluji, nasi watu wa Mweru hatuna haja nazo. Tuwaachie majirani wa vilele vya Kilimanjaro na Ruwenzori.

Sitaki mtu akariri namba. Nataka tujifunze kutofautisha, kwa maana wakubwa hao hawakugawa mambo katika mafungu mia kwa kupenda kuandika. Kila fungu lina chanzo chake mawinguni na lina matokeo yake chini. Anayejua ni lipi anajua pia nini kinaweza kufuata.

MANYUNYU NA MVUA

Anza na maji ya ziwa, au hata dimbwi la barabarani. Kama matone yanapiga maji na kila tone linafanya pete yake, hiyo ni mvua. Kama uso wako unalowa, nguo zinalowa, lakini juu ya maji huoni pete, na matone yanaelea hewani yakifuata kila pumzi ya upepo, hayo ni manyunyu. Kanuni inasema tone la manyunyu halifiki nusu milimita kwa upana. Manyunyu hutoka katika wingu la chini, la kijivu, lililotandazwa kama blanketi, na wingu la namna hiyo halizai radi. Yanaweza kudumu asubuhi nzima na kopo la kupimia lisionyeshe hata milimita moja. Kwa sababu hiyo ukali wa manyunyu haupimwi kwa maji yaliyoanguka. Hupimwa kwa macho: unaona umbali gani ndani yake?

Tazama sasa tofauti hii inavyogusa kazi. Mchuma chai katika manyunyu anahitaji koti la mvua na viatu, na mwajiri ndiye wa kuvitoa. Lakini hana sababu ya kukimbilia nyumba kwa kuogopa radi. Mama anayekausha chisense pale Kashikishi hali yake ni nyingine. Mvua ya ghafla humtisha, ila akiwahi kufunika kwa turubai itapita na jua litarudi. Manyunyu ya siku nzima hayana jua la kurudi. Dagaa hao wadogo hawakauki na wanaanza kunuka. Kwa mkaushaji, mimi naona manyunyu ni adui mkubwa kuliko mvua kubwa, ingawa kwenye kopo hayaonekani.

Mvua ya kutulia hutoka katika wingu zito lililofunika anga yote, nayo huanza polepole na kuisha polepole. Ikiwa chini ya milimita 2.5 kwa saa huitwa nyepesi. Kutoka hapo hadi milimita 10 kwa saa ni ya wastani. Ikizidi 10 ni kubwa. Watu wengi wakisikia "milimita 10" wanacheka, kwani kwenye rula ni upana wa kidole tu. Lakini milimita moja ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Milimita 10 juu ya hekta moja ya chai ni lita 100,000, yaani tani 100 za maji. Mwenye kusukuma trekta katika matope ya barabara ya shamba ameshajua hesabu hiyo kwa mabega yake.

Tawi lolote linaweza kuwa na kipimamvua. Chukua kopo lenye pande zilizonyooka na mdomo sawa na kitako, lifunge juu ya mti mfupi, mbali na nyumba na miti, usome kwa rula. Vituo vya Zambia husoma saa mbili asubuhi. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya husoma saa tatu, nayo ni dakika ileile, kwa kuwa saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Kopo letu la kienyeji lina ubaya mmoja: jua hulinywa. Kwa hiyo soma mara mvua inapokatika, usingoje kesho. Na ukikuta matone machache asubuhi ambayo usiku wake ulikuwa mweupe wenye nyota, huo ni umande, haukuanguka kutoka wingu lolote.

MVUA ZA GHAFLA, UPEPO NA RADI

Kuanzia Novemba hadi Aprili hewa yenye maji hutufikia kutoka upande wa Kongo, kaskazini-magharibi, na ardhi ikishapashwa na jua mawingu husimama marefu kama minara. Mvua ya wingu hili huanza ghafla na kukatika ghafla. Matone yake ni makubwa, na kati ya mvua moja na nyingine anga hufunguka. Ukiona mambo hayo, usiandike "mvua"; andika "mvua ya ghafla". Neno hilo moja linamwambia msomaji kwamba juu kulikuwa na wingu refu, na wingu refu lina vitu vingine tumboni.

Kitu cha kwanza ni upepo. Mvua kubwa inapoanguka hushuka pamoja na hewa baridi, na hewa hiyo ikifika chini haina pa kwenda ila pembeni. Hukimbia mbele ya mvua. Mtu aliye ufukweni huona pazia la kijivu chini ya wingu, kisha mstari mweusi juu ya maji unaomjia, kisha baridi usoni; tone la kwanza bado. Kwa watazamaji, upepo unaopanda ghafla kwa mita 8 kwa sekunde au zaidi, ukafika angalau mita 11 kwa sekunde na kudumu dakika moja, hupewa jina lake peke yake na haufichwi ndani ya neno "mvua". Mita 11 kwa sekunde ni kama kilomita 40 kwa saa. Kwa mtumbwi uliobeba watu na magunia kutoka kisiwa cha Kilwa au Isokwe, hiyo ni habari ya uhai. Mwenye boti anayengoja tone la kwanza ndipo ageuze, amechelewa.

Oktoba ina hila yake zaidi. Hewa ya chini bado ni kavu. Utaona nyuzi za mvua zikining'inia kutoka wingu na kupotea kabla ya kugusa ardhi. Watu husema, "Imetukosa." Haikutukosa. Maji yale yanapokauka njiani huipoza hewa, hewa iliyopozwa ni nzito, nayo inashuka kwa nguvu. Ndiyo maana paa huezuliwa siku ambayo kopo ni kavu. Namba 14 niliyoitaja juu ni kwa ajili ya nyuzi hizo, na katika daftari la shamba zinafaa kuandikwa: "Saa tisa alasiri, nyuzi za mvua upande wa magharibi, hazikufika chini, vumbi na upepo mkali."

Kitu cha pili ni radi. Kanuni ya vituo ni rahisi na kila kapita anapaswa kuijua: ngurumo ikisikika, radi ipo hapo, hata kama hakuna tone lililoanguka. Hakuna kusema "bado iko mbali, iko Kongo". Sauti hutumia kama sekunde tatu kwenda kilomita moja. Ukiona mwanga, hesabu. Ukifika sekunde 30, radi iko kama kilomita 10, na kutoka umbali huo wingu lilelile laweza kupiga ulipo. Kwa hiyo kwa hesabu ya 30 au pungufu watu waondoke mashambani na majini, na wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mwanga wa usiku usio na ngurumo ni jambo jingine: wingu lipo mbali, andika upande gani, endelea kulitazama.

Ndugu zetu wa Kivu wanaijua radi kuliko sisi. Hesabu za satelaiti zilizotolewa mwaka 2016 zilionyesha kwamba Kabare, Kivu ya Kusini, ndipo mahali panapopigwa na radi kuliko pote Afrika, miali kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Uganda, tarehe 28 Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo. Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa nchi hiyohiyo, watu 14 walikufa wakiwa wamekusanyika kwa ibada mvua ikinyesha. Hawa hawakuwa uwanjani. Walikuwa chini ya paa. Banda la kupimia majani, lenye nguzo nne na mabati juu, si kinga ya radi. Mti mkubwa katikati ya shamba ni hatari zaidi. Jengo kamili lenye waya wa kupeleka radi ardhini, au gari la chuma lililofungwa milango, hivyo ndivyo vya kukimbilia, na tunapokaa mezani na waajiri tuviombe kwa majina yake hayo.

MAWE

Barafu inayotoka katika mawingu marefu, ikifika milimita 5 kwa upana, huitwa mvua ya mawe. Ikiwa ndogo zaidi huandikwa kwa jina la mawe madogo. Ukipata jiwe kubwa lipasue. Mara nyingi utaona matabaka kama ya kitunguu. Pima upana wake, andika na dakika zilizodumu. Kericho na Nandi Hills, Kenya, ni kati ya sehemu zinazojulikana duniani kwa mvua za mawe, na chai yake hupigwa mpaka majani yanabaki matambara. Katika miaka ya 1960 na 1970 walijaribu kuyapiga mawingu yale kwa roketi na baadaye kwa ndege zilizomwaga dawa ya madini ya fedha. Mawe bado yanaanguka. Kwa mchumaji anayelipwa kwa kilo, shamba lililopigwa mawe maana yake ni siku nyingi za kikapu chepesi, na asipokuwa na tarehe na saa ya mawe yale ataambiwa ni uvivu.

VINAVYOZIBA MACHO

Kuna siku haianguki kitu, lakini huoni. Hapa watu wa Nchelenge wana bahati, kwa sababu ziwa limewapa kipimo. Mtazamaji kituoni huwa na alama zake: mti huu, kanisa lile, kilima kile, na anajua kila kimoja kiko umbali gani. Nasi tuna nyumba za ufukweni, tuna kisiwa cha Kilwa, na mbali kabisa tuna milima ya upande wa Kongo inayosimama nyuma ya maji. Baada ya mvua za kwanza kuosha hewa, milima ile huonekana mpaka mikunjo yake. Septemba haipo kabisa, utadhani imehamishwa.

Mtu akishindwa kuona hata mita 1,000, na kilichoziba ni matone madogo ya maji hewani, huo ni ukungu mzito. Akiona zaidi ya hapo lakini hafiki kilomita 5, ni ukungu mwepesi. Pima pande zote, kwani mara nyingi upande wa ziwa umefungwa na upande wa barabara ni mweupe. Watazamaji huchukua umbali mkubwa unaopatikana angalau katika nusu ya duara lote, kisha wanaandika pembeni upande ulioziba zaidi.

Ukungu wetu ni wa miezi ya baridi, Juni na Julai, usiku wenye nyota na upepo uliolala. Hukaa mabondeni na kwenye matete ya Luapula, na jua likipanda huisha. Juu ya ziwa lenyewe waweza kuona mvuke ukipanda kama wa sufuria, kwa kuwa maji ni ya joto kuliko hewa ya alfajiri. Kawambwa iko juu uwandani, zaidi ya mita 300 juu ya ziwa, na asubuhi yake ni baridi zaidi. Wingu la chini linalopita juu ya Nchelenge linaweza kuwa ukungu shambani kule. Dereva wa trekta anayetoka hapa akasema "njia nyeupe" aeleze ni njia ya wapi.

Kazi ngumu ni kiangazi, Agosti hadi Oktoba, wakati kila mtu anasema "ukungu" na hakuna ukungu. Mashamba ya chitemene yanachomwa, vichaka vinachomwa, Kongo kunachomwa, na barabara zinatimua vumbi. Moshi una harufu, na jua la asubuhi na la jioni huwa jekundu ndani yake. Utusitusi, yaani chembe kavu zilizotawanyika ambazo huwezi tena kujua zilitoka wapi, hauna harufu. Vitu vya mbali vyenye giza huonekana vya kibuluu. Ukungu wa maji ni wa kijivu, nao hulowesha: shika majani, shika nywele zako, tazama bati. Vituoni wana vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kimoja kimefungwa kitambaa chenye maji. Vikisoma karibu sawa, hewa imejaa maji, basi ni ukungu. Vikiachana sana hewa ni kavu, basi tafuta moshi au vumbi. Hata chama maskini kinaweza kununua vipimajoto viwili.

Niongeze kichekesho kimoja. Kwenye ziwa Nyasa na ziwa Viktoria kuna nguzo za moshi juu ya maji ambazo si moshi. Ni wadudu, vijidudu vya ziwa kwa mamilioni, na ukikaribia wanaingia mdomoni.

Kwa nini tugombane na maneno haya? Kwa sababu dawa zake si moja. Ukungu unataka kungoja: boti ifungwe, lori lisitoke, saa mbili baadaye jua limemaliza kazi. Moshi haungojwi, unaweza kukaa wiki. Unataka vitambaa vya pua vinavyofaa na kupunguza kazi nzito kwa wenye vifua vibovu. Vumbi la barabara ya kiwanda linataka gari la maji. Kapita akiandika "ukungu" siku ya moshi, hakuna atakayetafuta vitambaa.

DAFTARI MEZANI

Katika shamba moja, ambalo sitalitaja, wachumaji waliondoka mistarini saa tano asubuhi na wakakatwa siku nzima. Msimamizi alisema ilikuwa "mvua ndogo tu", na kweli kopo lilikuwa na milimita 2. Karani mmoja kijana alikuwa ameandika hivi: "Saa 1.20 hadi 2.10, manyunyu, watu wanafanya kazi. Saa 4.40, wingu refu magharibi. Saa 4.52, mwanga, nimehesabu 24, ngurumo. Saa 4.58, mwanga, nimehesabu 11. Watu wametoka. Saa 5.15, mvua ya ghafla. Saa 5.50, ngurumo ya mwisho." Mbele ya ukurasa ule milimita 2 hazikuwa na maana tena. Walilipwa. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, katika kifungu cha 13 unamlinda mfanyakazi aliyejiondoa katika kazi akiwa na sababu ya haki ya kuamini kuwa kuna hatari kubwa iliyo karibu. "Sababu ya haki" ndiyo zile sekunde 24 na zile 11.

Kwa hiyo kila tawi lichague watu wawili, mmoja asikose kuwapo mwenzake akiugua. Waandike saa ya kuanza na ya kuisha. Kilichoanguka kwa jina lake. Kilichoziba macho na umbali uliobaki. Upepo na upande wake. Ngurumo na hesabu. Waandike palepale, si jioni. Mwenye simu apige picha ya anga, nayo simu itatunza saa. Siku isiyo na kitu waandike "hakuna", kwa sababu ukurasa mtupu hauonyeshi kama anga ilikuwa safi au mtazamaji alikuwa amelala. Madaftari yaletwe kwa katibu wa wilaya kila mwisho wa mwezi, na yale ya kuanzia mvua za kwanza za Oktoba yaletwe mapema, kabla hatujakaa na waajiri kuzungumzia makoti, mabanda na waya za radi.